Sura ya Saba: Pengo Kati ya A na V

Fidencio Arroyo, mchapaji, alizigeuza tiketi zote mbili kichwa chini miguu juu kabla hata hajazisoma.

"We, mbona unazishika hivyo?" Inspekta Eulalia Tecuapetla akauliza.

"Sisi ndivyo tunavyosoma, bosi. Herufi zinasimama mkononi mwangu kichwa chini, tena kinyumenyume, mwaka wa ishirini na tatu huu. Ukinipa gazeti limesimama sawasawa, kichwa kinaniuma." Akacheka. Alikuwa na wino mpaka kwenye nyusi. "Fundi yeyote wa herufi ukimpa karatasi ngeni, kitu cha kwanza anaigeuza. Ikiwa kichwa chini ndiyo unaziona dhambi zake."

"Haya. Nitajie dhambi."

Zilikuwa tiketi mbili za rangi ya waridi, ukubwa wa kiganja. Zote zimeandikwa juu kwa herufi nene GRAN RIFA DE NAVIDAD, bahati nasibu ya Krismasi ya parokia. Zote zina muhuri wa kamati. Na zote, ndiyo balaa lenyewe, zina namba 0417. Zawadi ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Nyumba moja, washindi wawili.

Namba ya ushindi ilitolewa Jumatatu, siku ya Wafalme, sikukuu ya Mamajusi, ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Siku tatu kimya, hajatokea mtu. Ijumaa akaja Rutilo Garcidueñas, mpwa wa mwenyekiti wa kamati, na tiketi safi kama mwaliko wa harusi. Leo Jumamosi, siku ya mwisho ya kudai zawadi, asubuhi na mapema akaingia Doña Chole Nava, mfua nguo, na kapu lake kichwani. Wiki nzima alikuwa Atlixco akifua mashuka ya hoteli, habari hana. Tiketi yake ilikuwa na sura ya kitu kilichochapwa na mtu anayekimbilia basi.

Kamati haikufikiri mara mbili. Nzuri ndiyo ya kweli, mbaya ndiyo ya bandia. Wakaita polisi wamchukue mama. Saa kumi na moja jioni, baada ya rozari, Rutilo anakabidhiwa ufunguo.

"Niletee aliyechapa, au niletee huyo mama," bosi wa Eulalia alimwambia kwenye simu. "Mmoja wao. Leo."

Doña Chole alikuwa kwenye benchi la kanisa sasa hivi, askari mmoja pembeni yake, kapu mapajani. Hakulia. Alimwambia Eulalia kitu kimoja tu: "Binti yangu, nimefua nguo za mji huu wa Puebla miaka thelathini. Doa la kweli nalijua na la kupakwa nalijua. Tiketi yangu haijapakwa."

Kuuliza nani aliuziwa namba ipi hakukusaidia. Tiketi ziliuzwa sokoni bila majina. Basi Eulalia alifanya kitu cha kwanza alichoweza: alizunguka sokoni akaokota tiketi zilizoshindwa. Mifukoni, chini ya meza, moja ilikuwa kifuniko cha chupa ya pilipili. Alipata kumi na tisa. Sasa alizimwaga mbele ya Fidencio.

Fidencio akazipanga kichwa chini, moja moja.

"Hizi zote zangu. Nilichapa elfu moja. Na hii ya huyo mama pia yangu, tazama." Kidole chake cheusi kikatua kwenye neno NAVIDAD. "Unaona hapa kati ya A na V? Uchochoro. Punda anapita na mzigo wake."

"Kwa nini upo?"

"Kila herufi, bosi, ni tofali la madini ya risasi lenye pembe nne. A inalala huku, V inalala kule. Ukiyaweka matofali ubavu kwa ubavu, yenyewe yamegusana kabisa, lakini ukichapa unaona pengo. Hesabu ya Mungu hiyo, si kosa langu."

"Na hii ya Rutilo?"

Fidencio akaichukua. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza karibu na pua. Kwenye tiketi ile A na V zilikuwa zimeegemeana kama mtu na mkewe kwenye picha ya harusi. Hakuna uchochoro. Fidencio akapapasa nyuma ya karatasi, pale herufi zilipoacha alama ya kung'ata. Si kazi ya kompyuta. Hiyo ni risasi na mtambo, na mkono wa mtu.

"Hii..." akakohoa. "Hii nayo yangu. Mzunguko wa pili. Niliona pengo, nikarekebisha."

Eulalia akamtazama. Mwenyekiti wa kamati naye alisema hivyo hivyo asubuhi: labda zilichapwa mara mbili. Kama ni kweli, basi nzuri inaweza kuwa halali, na Doña Chole ameisha.

"Andika." Akamsogezea daftari. "Saini chini."

Fidencio akaandika kwa mbwembwe zote, akasaini mpaka ukingoni.

"Sasa nionyeshe ulivyorekebisha."

"Kuonyesha tena?"

"Kuonyesha. Na herufi zenyewe."

Ile fomu ya tiketi, herufi zenyewe zilivyopangwa, ilikuwa bado kwenye rafu, imefungwa kwa uzi kama tamale, ule mkate wa mahindi wa kufungwa kwa majani, haijavunjwa. Eulalia akawasha tochi ya simu akainama. A nzima. V nzima. Mabega ya matofali yake ya mraba, kingo kali.

"Una nyingine za ukubwa huu?"

"A sita, V mbili. Hizo tu."

"Toa zote."

Alizitoa. Eulalia akazipitia moja moja kwa lenzi. Zote nzima.

"Fidencio, ili matofali mawili yaingiane, si lazima uyakate mabega?"

"Lazima. Unakata kwa tupa."

"Na bega likikatwa linaota tena?"

Fidencio akavuta pumzi, mabega yake mwenyewe yakashuka. "Jamani bosi. Si ungeniachia dakika tano tu za kuwa fundi?"

"Kwa nini umenidanganya?"

"Umeiangalia lakini? Uliiangalia vizuri? Nani hataki kuitwa baba wa mtoto kama huyu?"

"Baba yake nani?"

Fidencio alitazama dirishani, ng'ambo ya mtaa, pale penye mlango wa kijani.

"Kulikuwa na matbaa moja kubwa hapa," akasema. "Ilipofungwa, herufi tukagawana nusu kwa nusu, droo kwa droo, mimi na mwalimu wangu. Hakuna mwingine mjini mwenye hizi. Alinifundisha miaka tisa yule mzee. Tukagombana kwa ajili ya nafasi."

"Nafasi ya kazi?"

"Nafasi kati ya maneno, bosi! Mwezi mzima hatukuamkiana!" Akanyoosha mkono. "Sasa hiyo karatasi niliyosaini nirudishie, tafadhali."

"Hapana," Eulalia akafunga daftari. "Hiyo bado ina kazi."

*

Mlango wa kijani ulifunguka kwa kengele ndogo. Saa nane na robo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ingia. Ila humu ndani macho ndiyo mgeni. Mikono inabaki mfukoni."

Don Hermilo Cuautle, miaka sabini na sita, alikuwa amesimama mbele ya droo iliyo wazi, aproni imepigwa pasi. Mkono wa kushoto umeshika kile kibao cha chuma cha kupangia mistari, wa kulia unaokota herufi bila kutazama: tik, tik, tik. Mwaliko wa harusi. Ukutani kulikuwa na karatasi moja tu ndani ya fremu, ya kwanza aliyoichapa akiwa na mtambo wake mwenyewe. Miaka hamsini na tatu.

Eulalia akaweka tiketi ya Doña Chole juu ya jiwe la kufungia kurasa.

Mzee akaigeuza kichwa chini. Uso ukamkunjamana kama amekanyaga mwiba.

"Fidencio."

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Mama anakijua kikohozi cha mwanawe. Na hiki ni kikohozi kibaya."

Eulalia akaweka tiketi ya Rutilo.

Don Hermilo akairudisha kwa ncha ya kidole. Hakuigeuza. Hakuitazama hata nukta moja.

"Hii siijui."

"Hujaitazama, mzee."

"Mimi sichapi bahati nasibu. Nachapa harusi, ubatizo na vitabu vya mashairi." Tik, tik. "Kama hujaja kuolewa, binti, sina la kukusaidia."

"Ya kwanza umeigeuza. Hii hukuigeuza."

Mkono ukasita juu ya droo. Kidogo tu. Ukaendelea.

"Macho yangu yamechoka."

"Fundi anageuza karatasi ngeni, Fidencio kaniambia. Asiyeigeuza anaijua tayari."

"Fidencio anasema mengi."

Eulalia akatembea polepole, mikono mfukoni kama alivyoambiwa. Juu ya benchi kulikuwa na tupa ndogo, nyembamba kama kidole cha mtoto. Kwenye meno yake kulikuwa na vumbi la kijivu linalometameta. Risasi mbichi.

"Tupa hii umeitumia juzi?"

"Natumia kila siku."

"Naomba nione herufi zako za ukubwa huu. A na V."

"Hakimu ameandika kibali?"

"Bado."

"Basi akiandika utarudi. Nitakupikia kahawa."

Hakuwa na jeuri, alikuwa mpole kabisa, na hapo ndipo Eulalia alipoona ukuta wenyewe. Mlango wa huyu mzee haukuwa wa kuvunja. Ulikuwa wa kubisha mahali panapouma. Akachomoa daftari.

"Haina shida, mzee. Sikukuja kukusumbua. Kazi yangu imeisha, maana mchapaji nimeshampata. Kaandika mwenyewe na kasaini. Nilitaka tu fundi mwingine anithibitishie kwamba ni kazi nzuri."

Akaliweka daftari juu ya jiwe. Don Hermilo akavaa miwani. Akasoma, midomo ikitembea: *Mimi, Fidencio Arroyo, ndiye niliyepanga na kuchapa tiketi hii nzuri kwa mikono yangu mwenyewe.*

Kibao kikamponyoka.

Mstari mzima wa harusi ukamwagika sakafuni, herufi arobaini na kitu, zikaviringika mpaka chini ya mtambo. Hata Eulalia alijua kwamba kitu hicho hakitokei humu.

"Fidencio?" Sauti ilitoka nyembamba. "Fidencio huyu? Anayejaza nafasi kati ya maneno kwa vipande vya kopo la sardini?"

"Mtaa mzima utasema mwanafunzi kampita mwalimu."

"Kampita nani! Kampita nani, binti! Huyo akiona A na V anazipita kama anavyopita watu barabarani, salamu hana!"

Akaenda kwenye rafu, akapanda kigoda, akatoa kiberiti. Ndani, zimefungwa kwa karatasi ya sigara, kulikuwa na herufi mbili. A na V. Mabega yamekatwa kwa mshazari laini ambao Eulalia hakuweza kuona ulipoanzia. Mzee akaziweka pamoja kiganjani na zikaingiana bila sauti.

"Masaa matatu," akasema. "Kwa tupa na kwa pumzi. Herufi ikikatwa hivi haifai tena neno lingine, inatakiwa kwenda kwenye kisanduku cha zilizokufa, iyeyushwe. Nilishindwa. Nimezitupa mara mbili na nimezitoa mara mbili."

Eulalia akavuta kigoda akakaa. "Nani alikuagiza?"

"Kijana mwenye viatu vya kung'aa. Garcidueñas. Alhamisi. Akasema kamati imechoka na uchafu wa Fidencio, inataka mfano wa bahati nasibu ya Pasaka. Akaniachia tiketi moja iliyoshindwa. 'Nionyeshe, Don Hermilo, ingekuwaje kama ingechapwa na fundi.' Niweke namba yoyote, akasema, mathalani 0417."

"Ukachapa ngapi?"

"Moja. Mfano ni mmoja." Akavua miwani. "Aliisifu sana."

"Muhuri?"

"Haukuwepo. Huo kaupata mwenyewe."

Kwa mjomba, Eulalia akaandika. Ofisi ya kamati, droo ya mezani, muhuri haufungiwi, aliuona asubuhi.

"Umejua lini ilikotumika?"

"Leo asubuhi. Muuza mkate kanieleza."

"Na ukanyamaza."

Don Hermilo akatazama ile fremu ukutani. "Miaka hamsini na tatu haijatoka karatasi ya uongo kwenye mtambo huu. Nikinyamaza, haijatoka. Nikisema, imetoka moja."

"Na ukinyamaza, kuna mama analala mahabusu leo kwa sababu tiketi yake ya kweli ni mbaya kuliko ya kwako ya uongo."

Nje kulipita muuza viazi vitamu, filimbi ya mkokoteni wake ikalia ikaisha. Mzee akainama, akaanza kuokota herufi za sakafuni. Aliokota sita. Akanyanyuka.

"Daftari lako nimeliona, binti. Mimi sisaini kitu kama kile."

"Mzee, saa inakwenda."

"Ushahidi wangu nitaupanga mwenyewe. Keti. Na mikono mfukoni!"

Tik, tik, tik. Simu ya Eulalia ikatetemeka.

"Umempata?" bosi akauliza.

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

"Anachapa."

"Anachapa nini tena, we Eulalia?"

"Ushahidi, bosi."

*

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, ukumbi wa parokia ulijaa. Ufunguo ulikuwa kwenye sahani, sahani juu ya kitambaa cheupe, na Rutilo Garcidueñas pembeni yake na viatu vyake. Doña Chole alikaa mstari wa mbele na askari wake.

"Inspekta, tusipoteze jioni ya watu," Rutilo akasema. "Ziweke tu pamoja. Mtu yeyote mwenye macho anaona ipi ni kazi halali."

"Mwenye macho, ndiyo," Don Hermilo akajibu kutoka mlangoni.

Watu wakampisha. Alikuwa amevaa koti juu ya aproni. Akapanga mezani tiketi kumi na tisa za sokoni, akaongeza ya Doña Chole mwishoni. Ishirini. Mwenyekiti, mjomba mtu, akaitwa aje aangalie NAVIDAD.

"Zote zina uwazi," mwenyekiti akasema polepole.

"Zote ishirini. Sasa hii ya mpwa wako."

"Haina." Mwenyekiti akainua macho. "Lakini si tulisema Fidencio alirekebisha mzunguko wa pili?"

"Ndiyo!" Rutilo akadaka. "Fidencio alirekebisha. Muulizeni, yule pale nyuma!"

Kweli alikuwepo, amebanwa ukutani, wino bado kwenye nyusi. Vichwa vyote viligeuka. Nusu ya mtaa wake ilikuwa humo ndani, na kila mmoja wao alikuwa mteja wake.

Fidencio akamwangalia Don Hermilo.

"Siwezi," akasema.

"Sauti!" mtu akapiga kelele.

"Nimesema siwezi! Hata mkinipa mwaka mzima na nyumba yenyewe! Kuna mtu mmoja tu Puebla anayeweza, na alinifukuza!"

Don Hermilo akafungua kiberiti. Akapaka wino kwenye herufi zile mbili kwa kidole gumba, akazibana pamoja, akazigandamiza kwenye karatasi nyeupe, karibu kabisa na tiketi ya Rutilo. A na V zikatoka zimeegemeana. Mkao ule ule, mshazari ule ule, hata mkwaruzo mdogo kwenye mguu wa A.

"Huyu mzee kachanganyikiwa," Rutilo akasema. "Mtu yeyote angeweza..."

"Nani?" Don Hermilo hakupandisha sauti. "Mtaje, kijana. Mtaje mmoja tu nikampigie magoti. Alhamisi uliniambia kitu kama hiki hakijawahi kuonekana. Leo yeyote anaweza?"

Halafu akaweka mezani karatasi aliyoichapa mchana. Jina la Rutilo lilikuwa mstari wa tatu, limesimama katikati, limepumua pande zote mbili. Mstari wa mwisho ulisema kwamba karatasi moja ya uongo ilitoka kwenye matbaa ya Hermilo Cuautle, na kwamba ndiyo ya mwisho.

Mwenyekiti alisoma mpaka chini. Kisha akausogeza ufunguo upande wa pili wa sahani, kuelekea kwa Doña Chole, bila kumtazama mpwa wake.

Rutilo aliutazama mlango. Eulalia alikuwa ameuegemea muda mrefu.

"Viatu vizuri," akamwambia. "Tutembee navyo mpaka kituoni. Na wewe mzee, Jumatatu utakuja kusema haya haya mbele ya mwendesha mashtaka."

"Nitakuja na nakala," Don Hermilo akasema. "Nimechapa mbili."

Doña Chole alikuwa na ufunguo mkononi na kapu kichwani, kana kwamba nyumba itahama asipowahi. Akasimama mbele ya mzee.

"Don Hermilo, mlango wangu utataka karatasi ya jina. FAMILIA NAVA, kubwa, ionekane toka barabarani."

"Nitakuchapia mimi. Bure. Zawadi ya nyumba."

"Ahsante, baba. Lakini nataka herufi za Fidencio."

"Za nani?"

"Zenye uchochoro. Hizo ndizo zilizonipa nyumba."

Watu wakacheka mpaka askari naye akacheka. Nyuma ukutani Fidencio alikuwa amejinyoosha, urefu umemwongezeka kiganja kizima. Don Hermilo akatazama dari. NAVA. A mbili na V katikati. Mapengo mawili ndani ya neno moja, mlangoni, barabarani, miaka yote.

"Nitachapa mimi," akasema mwishowe, kama mtu anayetoa damu. "Na mapengo nitayaacha."

Akamgeukia Fidencio.

"Njoo Jumatatu mchana, nikitoka kwa mwendesha mashtaka. Unionyeshe unavyoyafanya."